Kahawa kwenye Mlango wa Uwanja

Siku ambayo Luhaga Shigela alikutana na Kokushubira, alimnyang'anya samaki.

Ilikuwa asubuhi katika mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, saa ambayo wachuuzi hupigiana kelele, maji ya barafu hutiririka chini ya meza, na harufu ya dagaa huingia hadi kwenye nywele za watu. Luhaga alikuwa afisa uvuvi wa serikali, mwanaume mrefu mwenye sauti nzito. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kwa uangalifu, lakini kola ilikuwa imeanza kuchanika. Mkononi alishika rula ya mbao. Alisimama mbele ya mwanamke aliyevaa gauni la kitenge cha manjano na kilemba cha kitambaa hichohicho, akaingiza mkono katika kikapu chake bila kubisha hodi.

"Sato huyu hajafikia kipimo," alisema. "Sheria hairuhusu auzwe."

"Sijamuuza, kaka. Nimemnunua."

"Wala kununuliwa."

"Basi tukamate sote wawili utuweke chumba kimoja. Mimi naye tumeshazoeana."

Wachuuzi waliangua kicheko. Luhaga alijitahidi kukunja uso, akashindwa.

"Unaitwa nani?"

"Kokushubira. Utaweza kuliandika, Ngosha, au nikutajie herufi mojamoja?" Alimwita kwa neno ambalo Wasukuma huwaitia wanaume wao, na alilitamka kwa madaha.

"Mhaya!"

"Umenitambua hata kabla sijaanza kujisifu?"

Samaki alichukuliwa, kwa kuwa sheria ni sheria. Lakini kabla jua halijawa kali, afisa uvuvi alikuwa amenunua sato mwingine, mkubwa na mnene, na kumfuata yule mwanamke hadi barabarani. Alirudi kazini akiwa na namba yake ya simu.

Kokushubira alikuwa muuguzi katika chumba cha majeruhi cha hospitali moja mjini, na alipanga chumba Pasiansi, karibu na ziwa. Kila jioni Luhaga alimpigia simu kutoka Mkuyuni.

"Umekula nini, Koku wangu?"

"Ndizi."

"Ndizi ni tunda. Mimi nimeuliza chakula."

"Na wewe umekula nini?"

"Ugali."

"Mchana ugali, jioni ugali. Siku ya harusi wageni watauliza kama keki nayo ni ya dona."

"Kumbe kuna harusi?"

"Nimesema hivyo? Mtandao unakatika. Lala salama, Ngosha."

Walipendana hivyo, kwa utani mwingi na maneno matamu machache. Siku za mapumziko walikaa juu ya mawe ya ufukweni, Koku akiwa amevua viatu, Luhaga akimwonyesha mitumbwi na kumweleza ni nyavu gani halali na zipi haramu. Kokushubira aliipenda sauti yake alipoeleza kazi. Ilikuwa sauti ya mtu anayejiheshimu.

Hata hivyo, kulikuwa na Luhaga mwingine, na huyo alichelewa kuonekana.

Mshahara wake ulikuwa umesimama. Tangu watumishi walipofanyiwa uhakiki, hakupandishwa daraja wala hakupata nyongeza, huku bei ya mchele na kodi ya nyumba zikipanda bila kuomba ruhusa ya mtu. Kila Mei Mosi aliandamana na wenzake juani, kisha wakarudi nyumbani na fulana mpya na mshahara uleule. Alipomuuliza mkuu wake, Bwana Nestory, alijibiwa, "Subira, kijana. Bajeti ijayo." Kiwanja chake cha Buhongwa kilikuwa na kuta zilizofika kwenye linta, bila paa, na ndani ya kile ambacho kingekuwa chumba cha kulala yaliota majani yanayomfikia mtu kifuani.

Kwa hiyo, matumaini yake yote aliyahamishia kwa Miamba, timu ya mpira ya mji ule. Alivaa jezi yake ya kijani kama padri anavyovaa kanzu ya ibada. Aliamini kwamba kama kazini juhudi hailipwi, uwanjani lazima italipwa. Na Miamba walifungwa. Walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, wakafungwa hata na timu iliyokuja na wachezaji wagonjwa.

Jumapili moja alikuwa katika kibanda umiza cha Mkuyuni, amebanana na wanaume wengine mbele ya televisheni, Miamba walipofungwa bao la nne. Mwanaume mmoja nyuma yake alisema kwa sauti, "Timu ya watumishi wa serikali. Haipandi, kama mishahara yao."

Watu walicheka. Luhaga aligeuka na kumpiga yule mtu ngumi ya mdomo, kisha nyingine. Alimwangusha kati ya mabenchi na kuendelea kumpiga akiwa chini, hadi chupa ilipovunjika na kumchana yeye mwenyewe kiganja. Chenge, rafiki yake aliyekuwa mpiga ngoma wa mashabiki, alimvuta kwa shati na kumtoa nje.

Aliyemshona kiganja alikuwa Kokushubira. Alipomaliza, alivua glovu na kumtazama.

"Yule uliyempiga yuko kitanda cha pili. Ameng'oka meno mawili."

"Alinitukana, Koku."

"Alikutania."

"Hujui ninavyoishi! Nafanya kazi kama punda, nadharauliwa kazini, nadharauliwa mtaani, halafu nicheke?"

"Najua. Mimi pia ni mtumishi, mshahara wangu umesimama palepale uliposimama wako. Mbona sijamng'oa mtu meno?" Alishusha sauti. "Nisikilize, mpenzi. Kila mwisho wa wiki naosha damu za wanaume wenye sababu nzuri. Sitaolewa na mtu anayepiga watu. Sisemi anayenipiga mimi. Nasema anayepiga watu."

"Sitarudia. Nakuapia."

"Usiniapie. Acha tu."

Aliacha. Kwa miezi kadhaa alikuwa mpole, na Kokushubira akamwamini. Akawaeleza ndugu zake huko Muleba kwamba kuna mtu anayetaka kuleta posa.

Baba yake alikuwa amefariki, hivyo aliyepaswa kusikiliza posa ni baba yake mdogo, Apolinary, mzee mkali mwenye maneno machache. Apolinary alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa binti yeyote wa ukoo: kabla ya kumkaribisha mkwe nyumbani, humfuata alipo na kumtazama bila yeye kujua.

"Akija kwangu atakuja na adabu za kuazima," alimwambia Kokushubira kwa simu. "Nataka nimwone kabla hajajua kuwa anaonwa. Jumamosi huwa wapi?"

"Uwanjani, baba. Miamba wanacheza. Utamtambua, ni mrefu, jezi ya kijani, jina lake limeandikwa mgongoni. Lakini kuna msukumano, bora uje kwanza hospitali."

"Nimeshawahi kuona msukumano."

"Na nisimwambie?"

"Ukimwambia, nitarudi Muleba."

Kokushubira hakumwambia. Alilicheka jambo hilo peke yake, akijiuliza Luhaga atashtuka namna gani.

Jumamosi hiyo Miamba walifungwa mabao matano, na mashabiki wakajazana kwenye mlango wanaotokea wachezaji, wakitukana na kugonga basi la timu kwa makofi. Maneno yalikuwa yameshaenea kwamba hawafungwi kwa mpira, wanafungwa kwa dawa, kwamba wapinzani wametuma kamati yao ya ufundi kuuharibu mlango. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kamati hiyo inafanya ufundi wa aina gani.

Ndipo walipomwona mzee. Alivaa kanzu na koti jeusi, akasimama pembeni ya mlango akiangalia migongo ya watu mmoja baada ya mwingine. Kwapani alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Kilikuwa na kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo kwao hupewa mgeni anayepokelewa kwa heshima. Alikuwa amekusudia, kama angempenda kijana, ampe palepale. Umati uliyumba, akapigwa kikumbo, kifurushi kikapasuka, na punje nyeusi zikatawanyika mbele ya mlango. Mzee akainama kuziokota, akinung'unika kwa Kihaya.

"Huyo! Anamwaga dawa!"

"Anasema maneno!"

Luhaga alikuwa wa kwanza kumfikia. Hakumuuliza jina. Alimwinua kwa kola ya koti.

"Ni wewe! Ni nyinyi mnaotuua!"

"Kijana, hii ni kaha—"

Ngumi ilimkuta neno likiwa mdomoni. Ya pili ilimpata jichoni. Katika ngumi zile kulikuwa na Bwana Nestory na bajeti yake, kulikuwa na majani ya Buhongwa, kulikuwa na mabao yote matano, lakini uso uliozipokea ulikuwa wa mzee mmoja aliyekuja kumtafutia binti yake mema. Alipoanguka, umati ulimvamia kwa mateke. Mtu alileta jiwe. Chenge alitupa ngoma yake na kumshika Luhaga kiunoni, akipiga kelele, "Muache! Ni mtu mzima, muache!" Polisi walipofyatua mabomu ya machozi, watu wote walikimbia. Chenge peke yake alibaki, ameinama juu ya mzee, mikono yake ikiwa imejaa damu. Basi wakamkamata yeye.

Luhaga alikuwa nyumbani akiosha vidole simu ilipolia.

"Luhaga, njoo hospitali." Ilikuwa sauti ya Kokushubira. "Baba yangu mdogo amepigwa. Njoo, nakuomba, nahitaji mtu wa kunishika."

"Amepigwa na nani?"

"Na wanyama. Njoo."

Alifika mbio. Kwenye korido Kokushubira alimwangukia kifuani, sare yake nyeupe ikiwa na madoa mabichi. Alizungumza haraka, kama mtu anayetapika.

"Alikuja kukuona wewe. Alikuletea kahawa. Imemwagika, wakasema ni dawa. Kahawa, Luhaga! Jicho la kushoto limekufa. Nimemshika mwenyewe wakati daktari anashona. Wamemkamata mpiga ngoma mmoja, na ningepewa nafasi ningemnyonga kwa mikono hii."

Kupitia mlango uliokuwa wazi Luhaga aliona kitanda, na juu ya kiti kando yake, koti jeusi lenye kola iliyopasuka. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtaja, na Chenge alikuwa rafiki wa kweli, pengine angevumilia kwa muda. Kokushubira alikuwa amemkumbatia. Akinyamaza, angeendelea kukumbatiwa hivyo.

"Si Chenge," alisema.

"Unamjua?"

"Chenge alikuwa anatuzuia. Ni mimi, Koku. Ni mimi niliyeanza."

Kokushubira alijitenga naye polepole. Alimtazama usoni, kisha mikononi, akaona ngozi iliyochubuka juu ya vidole. Halafu alimpiga. Alimpiga kofi, akampiga jingine, akampiga kwa ngumi kifuani na mabegani, na Luhaga hakuinua mkono hata kujikinga. Muuguzi mwenzake alipokuja mbio kumshika, Kokushubira aliitazama mikono yake mwenyewe na kuificha nyuma ya mgongo.

"Toka," alisema. "Nenda kituoni kwa miguu yako. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

Alikwenda. Chenge aliachiwa siku iliyofuata.

Luhaga alisimamishwa kazi ya serikali, kisha akafukuzwa. Malimi, baba mkubwa wa Luhaga, alisafiri hadi Muleba kutoa ng'ombe ili mambo yaishie nyumbani. Apolinary alimsikiliza akimtazama kwa jicho moja, akamjibu, "Warudishe ng'ombe wako. Waulize kama wataniazima jicho." Mahakamani wakili alimshauri Luhaga akane, kwa kuwa katika umati ni vigumu kumthibitisha mtu. Luhaga alisimama na kusema, "Ni kweli, mheshimiwa." Alifungwa miaka miwili.

Kokushubira alikwenda kumwona gerezani Butimba mara moja tu. Alivaa gauni la kijivu na viatu vya chini. Luhaga alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, na kati yao kulikuwa na wavu.

"Umependeza, Koku."

"Muongo. Sijalala wiki nzima."

"Mzee anaendeleaje?"

"Amezoea. Akimimina chai humwagika mezani, akiona nimemwona, anagombeza kikombe."

Luhaga alifunika uso. Baadaye alisema, "Kesi imeisha. Kifungo nacho kitaisha. Sijawahi kugusa mtu humu ndani, hata wanaponichokoza. Nisubiri, mpenzi."

"Hapana."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningetuma salamu tu, nisingekuja." Alishika wavu kwa vidole viwili. "Ulipokiri pale kwenye korido, nilijua nilichokipenda kwako kilikuwepo kweli. Lakini nikiolewa nawe, nitakuwa nasikiliza kila jioni jinsi unavyofunga mlango, nijue ni Luhaga yupi aliyeingia. Siwezi kuishi nikisikiliza mlango. Na watoto wangu sitawafundisha kuusikiliza."

"Naweza kubadilika."

"Badilika. Kuna mwanamke atakayekukuta umebadilika, na hatajua chochote. Mimi najua."

Luhaga aliinamisha kichwa taratibu, akakubali. Alinyoosha kidole hadi kwenye wavu, akasita, akakirudisha. Kokushubira aliona kile kidole kikirudi, na moyo ulimuuma kuliko siku ya korido.

"Nenda, Kokushubira," alisema Luhaga, akilitaja jina lote kwa utaratibu.

Getini askari wa kike alimrudishia mkoba wake na kumwona akifuta macho.

"Ni mumeo, dada?"

"Ilibaki kidogo awe," alijibu Kokushubira. Alifunga mkoba, akashukuru, akatoka nje kwenye jua.