Jina Kwenye Mstari wa Kwanza

Kiti kilisogea chenyewe saa saba mchana, ofisi nzima imekwenda kula. Kilianza polepole, kikashika kasi, kikapunguza, kikatulia kwa adabu mbele ya meza ya marehemu. Mtanashati, aliyebaki peke yake, aliruka akasimama. Mwendo ule aliujua.

Ulikuwa mwendo wa Taratibu, jirani yake wa meza, aliyefariki kwa kifua mwezi uliopita. Bwana yule aliandika maktaba ndogo ya JavaScript, yaani msimbo wa kompyuta wa kutumiwa kwenye tovuti, mistari mia tatu tu, nyepesi ajabu. Ukiiweka kwenye tovuti, picha na vitufe vinatembea, vikianza pole na kuishia pole, hadi raha kutazama. Hakuwahi kuitoa kwa watu. Alimwonyesha Mtanashati tu, rafiki yake. Rafiki gani! Mdomo ulisema "hongera", roho inamchoma. Wivu, jamani, hauna dawa ya kumeza. Udongo wa kaburi haujakauka, Mtanashati akafungua faili, akafuta jina la mwenzake kwenye mstari wa kwanza, akaandika lake. Bosi akampigia makofi, akamwahidi ukuu wa kitengo.

Tangu siku ya kiti, harufu ya mafuta ya kifua ya marehemu ikawa haimwachi. Kikombe kiliteleza mezani kwa mwendo uleule, pazia likafuata, kisha siku moja akiwa anaandika aliona mkono wake wa kulia unanyanyuka wenyewe, pole, halafu kasi, halafu pole, ukaenda kutua kwenye kibodi ya marehemu na kubonyeza herufi ya kwanza ya jina lile alilolifuta, naye akiuvuta kwa mkono wa kushoto.

Akamwita mjomba wake, mganga wa majini. Mzee alinusa meza ya marehemu, akafunga mkoba wake bila kutoa kitu.

"Hili si jini la kufukuzwa," alinong'ona. "Huyu ni mwenye mali. Mrudishie jina lake."

"Nikimrudishia, mimi nitakuwa nani, mjomba?"

"Utakuwa mzima. Maiti naye ana wivu, mwanangu. Usishindane naye."

Mtanashati alifungua faili, akaandika jina la Taratibu. Angeishia hapo! Lakini alilitazama jina lile, limekaa peke yake, limependeza, na kijiba cha roho kikampanda. Akapandisha kidole, akaandika lake juu yake. Majina mawili, la kwanza lake. Harufu ikakatika papo hapo, naye akacheka kwa sauti.

Asubuhi mkewe aliamka akamwona anatoka kitandani, pole, kisha kasi, kisha pole, hadi mlangoni. Akarudi kitandani vilevile. Akaenda tena.

"Baba watoto, unatafuta nini?"

Meno yameumana, machozi yanamchuruzika, na macho yanamwomba mkewe jambo ambalo mdomo haukuweza kulisema. Mke akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, akikaza miguu sakafuni, akimwita kwa jina alilopewa na mama yake; lakini mwili ule uliondoka naye, polepole kwanza, kisha kwa kasi, kisha ukapunguza, ukamfikisha mlangoni kwa upole mkubwa, ukageuka kurudi.