Upinde Usiolegezwa

Asubuhi hiyo mtoto alimaliza chai yake bila kusema neno, na watu wazima wawili waliokuwa mezani wakamshukuru Mungu. Niwalaumu? Ungeishi na mtoto yule ungefanya hivyohivyo. Alikuwa na miaka sita, wakimwita Kasuku, na tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Hata chooni alisimulia. Mama yake, fundi cherehani, akainamia mashine yake akashona gauni zima kwa amani. Kimya kingi kina mshindo, lakini nani hukumbuka methali akiwa ndiyo kwanza amepata nafasi ya kupumua?

Saa sita mchana ndipo alipomuuliza mtoto kama ana njaa. Kasuku akafungua kinywa, midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamsimama. Hakikutoka kitu. Hospitali wakammulika koo, wakasema ni safi, mrudisheni nyumbani apumzike.

Baba yake alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya harusi, na wenzake walimwita Solo kwa kuwa hakujua kumpisha mtu. Siku nne kabla ya hapo, kwenye chumba cha mazoezi, alifungua sanduku la marehemu mpiga fidla wao akatoa upinde wa kupigia fidla. Nywele za upinde ule zilikuwa zimelegea, zinaning'inia. Solo akadhani umeharibika. Akazungusha skrubu ya mwishoni mpaka nywele zikakaza, akazipaka utomvu mkavu uliokuwamo sandukuni, akauburuta upinde juu ya nyuzi za gitaa. Ikatoka sauti ya mtu anayelia chumba cha pili. Wenzake waliokuwa wakimcheka wakaacha kucheka. Yeye akaupenda, jamani, akaupenda kama mjinga, akaenda nao nyumbani akautundika ukutani ukiwa umekazwa vilevile. Mpiga gitaa halegezi kitu. Nyuzi zake hukaa zimekazwa mwaka mzima, naye analala usingizi wake.

Waliporudi kutoka hospitali, nyumba ilinuka nywele zilizoungua. Mama akakagua pasi, akakagua jiko, hakuona kitu. Alasiri Solo akaketi na gitaa apate kujituliza, akavuta upinde mara moja, na chini ya ule mlio, kutoka kwenye spika, akasikia jambo lililomfanya ainamishe sikio, akavuta tena polepole, jasho likaanza kumtiririka mgongoni huku mkono wake ukikataa kusimama, kwa sababu mle ndani mlikuwa na kisauti kinachosimulia habari za kiatu kilichopotea na jino linalotikisika na paka wa jirani aliyezaa, bila kituo, bila kuvuta pumzi, na Kasuku mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama, mdomo umefungwa.

Mkewe alikuwa nyuma ya mtoto. Alikuwa amesikia yote.

"Umetuletea nini humu ndani, mume wangu?" akanong'ona.

Wakamwita mjane wa mpiga fidla. Alikuja haraka, akakataa kiti, akakataa maji. Akautazama upinde kwa muda, asiuguse.

"Tangu uukaze, umewahi kuulegeza?"

Solo akasema hakujua kama hulegezwa.

Mjane akashusha sauti. "Marehemu akimaliza kupiga, alikuwa hamsalimii mtu kabla hajaulegeza. Ukiukaza unamwita mwenye upinde, yule asiyeonekana. Ukiulegeza unampa ruhusa aende zake. Wewe umemsimamisha siku nne, mwanangu, na mgeni asiyeruhusiwa kuondoka hutafuta pa kukaa."

Akawaeleza kwamba wakiulegeza hivihivi, mgeni huyo ataondoka na alichochukua, na mtoto atakuwa bubu maisha yake yote. Ilibaki njia moja. Mtoto akae mbele ya spika, baba apige mpaka sauti irudi kwa mwenyewe, na neno la kwanza likitoka kinywani mwa mtoto, si kwenye spika, aulegeze papo hapo. Akichelewa, basi tena.

Solo akapiga. Mama alikuwa amempakata mtoto, macho yake hayabanduki kwenye ile midomo midogo, na ile harufu ikazidi mpaka ikawakaba, na kisauti kwenye spika kikasimulia na kusimulia, kikafifia, kikakatika katikati ya neno, na Solo akaendelea kuvuta upinde huku analia, kwa maana sasa hapakuwa na mtoto huku wala kule. Kisha midomo ya Kasuku ikafunguka.

"Baba, nina kiu."

Akazungusha skrubu kwa vidole vilivyolowa, nywele za upinde zikalegea zote. Harufu ikatoweka. Mama akaangua kilio, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu. Mjane akaketi sakafuni. Solo akachomoa waya wa umeme ukutani akawa anacheka peke yake.

Ndipo ile spika, isiyo na umeme, ikasema kwa mbali, kwa sauti ya mtu anayeburutwa:

"Baba, huyo si mimi."

Haikurudia. Solo akaukamata upinde, akaizungusha skrubu kuukaza tena, akaizungusha hadi ikakatika mkononi. Mama alikuwa bado amemkumbatia mtoto, na mikono yake haikujua ishike au iachie. Mtoto akaomba maji mara ya pili, kwa adabu, kisha akanyamaza akingoja aletewe.