Normand na Mgongo Aliouficha

Ndugu zangu wa mtaa huu wa kiwandani, nanyi wengine mnaokula kwa nguvu za mikono yenu, nipeni masikio. Haya sikusimuliwa. Niliyaona, na mengine niliyasababisha mimi, Roland Cyr.

Jumamosi jioni nyumbani kwa Normand Ouellette palikuwa patulivu. Maharage ya mkewe, Jeannine, yalikuwa yameshinda katika joko tangu asubuhi, na tulikuwa tunacheza karata, wao wawili, mimi na mke wangu. Normand alikuwa mwizi wa mchezo na wala hakujificha.

"Shemeji, umeniibia tena," mke wangu akasema.

"Sijaiba. Nimekopa."

Mimi na Normand tulikuwa zamu moja katika kiwanda cha karatasi kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote sikumbuki akikosa kazi wiki nzima.

Jumanne iliyofuata, theluji ikiwa imefika madirishani, Normand aliinama kuinua mhimili wa chuma unaoviringishiwa karatasi. Mashine ya kuunyanyua ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, kwa hiyo tulikuwa tunauinua kwa mikono, yeye upande huu, mimi upande ule. Nilimsikia akiguna kama mtu aliyepaliwa. Akapiga magoti, akashika sakafu kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo.

Msimamizi wa zamu alikuja. "Vipi, mzee?"

"Nimejipinda vibaya. Itapita."

"Niandike ripoti?"

"Usiandike. Acha nipumzike kidogo."

Haikupita. Ripoti iliandikwa siku ya tisa, baada ya mguu wake wa kushoto kufa ganzi. Akaomba fidia ya kuumia kazini. Bima ya kiwanda ikatuma ujumbe kwamba afisa wake angempigia simu kumhoji, na mazungumzo yangerekodiwa.

Siku moja kabla ya simu hiyo nilikwenda kumjulia hali. Tulikaa jikoni.

"Roland, kuna jambo," alisema. "Miaka miwili kabla sijaanza kiwandani nilianguka kutoka juu ya paa la kaka yangu. Nilitibiwa mgongo miezi mitatu. Niwaambie?"

Msomaji, laiti ningemwambia sijui. Mtu asiyejua hana aibu ya kunyamaza. Lakini mimi nilijifanya wakili.

"Una wazimu? Ukitaja paa wamekumaliza. Watasema mgongo ulikuja kazini ukiwa umeshavunjika. Sema hujawahi kuumwa."

Jeannine alikuwa anakunja nguo. "Huo si uongo?"

"Uongo gani, shemeji? Hata paa lenyewe limeshabadilishwa."

Tukacheka, sote watatu.

Kesho yake afisa wa bima aliuliza kwa sauti ya upole, "Umewahi kuumwa mgongo kabla ya siku hiyo, Bwana Ouellette?"

"Hapana."

"Au kutibiwa?"

"Sijawahi."

Maneno hayohayo akawaambia madaktari wake, kwa kuwa mtu akishaanza lazima aendelee.

Baada ya miezi miwili ilikuja barua. Bima ilikuwa imepata faili la zamani hospitalini, lenye tarehe ya kuanguka na picha za pingili za mgongo wake. Dai limekataliwa, barua ilisema. Ugonjwa ni wa zamani. Kiwandani habari ilienea kabla ya chakula cha mchana. "Anataka alipwe kwa kuzeeka," mmoja akasema. "Na mimi nina upara, nikadai wapi?" Watu wakacheka. Niliendelea kula mkate wangu.

Normand akatafuta wakili, akakata rufaa. Kesi ilisikilizwa mwezi wa tisa, katika chumba kidogo chenye meza moja ndefu. Daktari wa bima alisema pingili zimechakaa kwa umri na kwa ule mwanguko. Mimi niliitwa kuwa shahidi. Nikaeleza habari za mashine mbovu, mhimili, na magoti yake sakafuni. Nilisema ukweli wote, isipokuwa ule wa jikoni.

Hakimu, mama mmoja mwenye nywele za mvi, alisoma uamuzi wake polepole.

"Bwana Ouellette, mtu aliyebeba vyuma miaka ishirini na sita baada ya kuanguka ana hoja nzuri. Mgongo mbovu nao huumia. Ungelitaja paa, tungekuwa na swali moja tu: je, kazi iliuzidishia ubovu? Lakini madaktari wako waliandika maoni yao wakiamini hukuwahi kuumwa. Hilo si kweli. Sina pa kushika ili nikupe fidia."

Normand aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Wakili wake alikusanya karatasi. Nje, Jeannine alimshika mkono, akamteremsha ngazi hadi garini.

Nyumba waliiuza. Sasa wanakaa vyumba viwili juu ya duka la dobi, na Jeannine anaosha vyombo katika jiko la shule. Nilikwenda kumwona Normand majira ya kuchipua. Alikuwa mbele ya runinga, ikionyesha hali ya hewa ya miji ambayo hatutafika.

"Mimi ndiye niliyekuambia useme hapana," nikasema.

"Najua."

"Mbona hukumwambia hakimu?"

Alifikiri. "Angeniuliza ni nani aliyenishika ulimi. Na ulimi ulikuwa wangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Akageuka kutazama runinga, nami nikakaa naye mpaka Jeannine aliporudi.

FUNZO

Wenzangu, ukiumia kazini, sema siku hiyohiyo, hata kama unaona haya. Na ukiulizwa habari za ugonjwa wa zamani, usiufiche. Ugonjwa wa zamani peke yake haukumponza Normand. Kilichomponza ni kuukana. Waliokosea ni wengi: walioacha mashine mbovu, waliocheka, na mimi. Lakini anayeshindwa kuinuka kitini ni mmoja. Basi rafiki yako akikuuliza jambo la sheria nawe hulijui, mpeleke kwa anayelijua. Usimpe ujasiri wako, kwa maana hutambebea mgongo wake.