Maji ya Kulowesha Boti

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kujaza boti maji.

Msishangae. Boti ya mbao ikikaa sana nchi kavu, mbao hunywea na kuachana, na ukiishusha baharini hivyo hivyo inazama unaiangalia. Kwa hiyo kwanza unaijaza maji ikiwa bandani. Mbao zinavimba, nyufa zinajifunga. Na maji yawe ya chumvi, maana ya bomba huozesha.

Yetu ilikuwa imekaa miezi mitatu juu ya magogo, tangu siku ilipokutwa ikizunguka peke yake karibu na gati, injini inanguruma, kaka hayumo. Hakuonekana tena. Watu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa kama niliyechomwa sindano ya ganzi. Niliosha chumvi kwenye injini, nikabadilisha mafuta, nikapaka vanishi.

"Akirudi aikute iko tayari," mama alisema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Marehemu baba alikuwa na sharti moja: maji ya kulowesha boti yachotwe nje, penye mkondo. Kamwe si chini ya ngazi za gati, yalipotuama. Hakuwahi kusema kwa nini. Tulidhani ni uchafu wa mafuta ya mashine tu.

Lakini nje ni mbali, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikachota pale pale ngazini. Ndoo arobaini.

Nilikuwa nafunga mlango wa banda niliposikia...

Ko. Ko.

Ndani ya boti.

Mimi na kaka tulipokaza nati, yeye ndani, mimi nje, kugonga mara mbili kulikuwa na maana moja: nimeshika, kaza. Nikarudi. Nikagonga ubavu wa boti mara mbili.

Ikajibu.

Harufu ikapanda, ya chumvi na ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Mtu mwenye akili zake angetimua mbio. Mimi nilienda kumwita mama, kwa sauti ile ile ya kumwambia chakula tayari.

Alikuja pekupeku. Akapanda ngazi ya mbao iliyoegemea boti, akazamisha mkono katika maji meusi.

Akatulia.

"Mama?"

"Amenishika," alinong'ona. "Amenishika mkono, mwanangu!"

Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilishika taa.

Kisha kicheko kikakatika. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Vitano..."

"Mkono gani, mama?"

"Wa kulia."

Mkono wa kulia wa kaka ulikuwa na vidole vinne. Cha mwisho kilichukuliwa na msumeno wa umeme miaka sita iliyopita, na mimi ndiye niliyekifunga kwenye kitambaa.

"Toa mkono. Nafungua kizibo, maji yote yatoke."

Nikaingia chini ya boti, nikakishika. Kilikuwa cha baridi kuliko kawaida.

"Acha!"

"Si wetu huyu, mama."

"Najua si wetu." Hakuutoa mkono. "Lakini naye ana mama yake. Huenda huko aliko, mama huyo amemshika wangu."

Nikakiachia kizibo.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Mbao zimeshavimba zamani, hakuna ufa hata mmoja, boti ingeweza kushuka siku ya tatu tu. Haijashuka. Kila jioni mama huenda bandani, hupanda ngazi, huzamisha mkono. Siku za kwanza maji yalimfika kwenye kifundo cha mkono. Wiki iliyopita, kwenye kiwiko.

Jana nilimkuta ameinama hadi begani. Shavu limelala juu ya ukingo wa boti, macho ameyafumba, anazungumza polepole na mtu, vile alivyokuwa akitubembeleza tulale. Nywele zake zilikuwa zimeshagusa maji.

"Mwanangu," aliniambia bila kufumbua macho. "Maji yamepungua."

Nilijua la kufanya. Kizibo kilikuwa pale pale, hatua mbili. Nilingoja niogope, au nimwonee huruma, au nimkasirikie. Hakuna kilichokuja.

Nikachukua ndoo, nikaenda kwenye ngazi za gati kuchota.