Zamu Yetu ya Maji

Katika mtaa wetu wote hakuna mwanamke anayeijua bustani kunishinda mimi, Hosiyat. Mboga zikiniona zinasimama wima kwa heshima. Ila usimuulize jirani yeyote, maana atakusimulia habari za figili zangu za mwaka ule mwingine, zilizotoa majani ya kumshibisha ng'ombe, na chini ya majani hazikuwa na kitu kinene kuliko mkia wa panya. Ng'ombe alifurahi sana. Sisi tulikula mkate mkavu.

Basi tuseme naijua bustani kwa mdomo. Magoti yangu hayakunjiki tena, kwa hiyo kazi yangu ni kukaa kwenye kigoda na kuwaonyesha wengine pa kuchimba. Waliochimba hasa walikuwa wawili: mkwe wangu Muhayyo, na binti yake Oydin wa miaka kumi na miwili. Mwanangu mwenyewe yuko Urusi, anajenga nyumba za watu wengine.

Muhayyo huamka giza bado limetanda. Humkamua ng'ombe, huchemsha chai, kisha hukimbilia basi la kiwanda cha nguo huku akijifunga kitambaa kichwani. Hurudi jioni, vidole vimechomwachomwa na sindano. Oydin hutoka shule mchana, hula mkate na chai, hubadilisha gauni, na jembe linamngoja mlangoni.

Theluji ikishayeyuka, bustani haimwachi mtu akapumua. Kwanza ni mizabibu. Vuli tuliilaza chini na kuifunika udongo isife kwa baridi, na sasa lazima ifukuliwe, inyanyuliwe na kufungwa tena kwenye miti yake. Kisha kupogoa. Kisha kupaka chokaa mashina ya aprikoti. Kisha kubeba samadi kuukuu ya kondoo, ndoo baada ya ndoo. Kisha kuchimba. Na kuchimba hakuna kisha yake, unachimba tu.

Bustani yetu inaanzia mlangoni na kuishia kwenye ukuta wa udongo upande wa chini, na katikati umesimama mti wa aprikoti. Upande wa juu wa mti ni mahali pa vitunguu na majani ya mboga. Upande wa chini wa mti ni mahali pa karoti za manjano. Karoti hizo tunazifukia shimoni tukishazivuna na kuzila majira yote ya baridi. Bila karoti hizo, pilau yetu ni wali uliokosa bahati.

Lakini karoti zinataka maji ya kwanza, na maji si yetu peke yetu. Yanashuka mlimani kwa mfereji mmoja wa mtaa mzima, na mwenye kuufungua na kuufunga ni Mzee Kobil, mgawa maji. Naye ana kanuni yake. Kabla ya kukufungulia, anaingia kukagua. Ardhi iliyochimbwa inakunywa maji, na isiyochimbwa inayatelezesha mpaka barabarani, na hayo yaliyopotea ni haki ya jirani. Akikuta hujachimba, anatia jembe lake begani na kwenda zake. Utangoja hadi zamu izunguke mtaa mzima, na kufikia hapo jua limeshakausha kila kitu. Karoti za kuchelewa huwa nyembamba na chungu, na hazifiki hata kujaza shimo.

Jumapili moja Muhayyo alichimba sehemu yote ya juu ya mti, tangu asubuhi mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Akiwa amejiegemeza kwenye shina, alimwambia binti yake:

"Chini ya mti ni kwako, mwanangu. Kidogo kidogo, kila ukitoka shule. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Maji yanakuja wiki hii."

"Nimesema nitaweza!"

Na alianza vizuri, siwezi kumsingizia. Jembe letu ni zito, uso wake mpana kama sahani ya pilau, na mtoto yule mwembamba lilimvuta huku na huku kama mbuzi mkaidi. Alichimba mstari mmoja, akachimba wa pili. Siku iliyofuata viganja vilitoa malengelenge. Siku iliyofuata tena malengelenge yalipasuka. Akafunga vitambaa, akaendelea. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nikichambua mbegu, nikimpigia kelele anyooshe mstari. Vile vitambaa sikuviuliza.

Hapo ndipo Mahliyo, rafiki yake wa nyumba ya pili, alipotokeza kichwa juu ya ukuta. Mahliyo ana kaka watatu, na ulimi wake unafanya kazi ya kaka wa nne.

"Bado mnachimba?" aliuliza huku akitafuna mbegu za alizeti. "Sisi tulimaliza jana."

"Sisi tulimaliza juzi," Oydin akajibu palepale.

"Sasa hilo jembe mkononi la nini? Unalitembeza?"

"Nasawazisha tu. Kachezee kwenu!"

Mahliyo akacheka, akatema ganda, akashuka. Oydin alibaki ameitazama ile ardhi. Kutoka alipofika mpaka ukutani palikuwa pagumu bado, majani makavu ya mwaka uliopita yamesimama. Alilitua jembe, akachukua reki.

Aliyoyafanya na reki niliyajua baadaye, maana nilikuwa nimeshaingia ndani. Alikwangua udongo wa juu, ule laini wa unene wa kidole. Akaukusanya kuwa matuta mazuri, yamenyooka kuliko hata ya mama yake. Akatandaza samadi juu, sawasawa. Ukisimama mlangoni ungesema malkia ndiye atakayepanda hapo.

Muhayyo aliporudi jioni, alisimama na mkoba wake, akatazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote? Mpaka ukutani?"

"Mpaka ukutani, mama."

Muhayyo alimshika kichwa akakibana kifuani mwake. "Ningekuwa na Oydin wawili," alisema, "ningelala hata mchana." Akaenda kumkamua ng'ombe, akiburuta miguu. Usiku ule Oydin hakula. Alisema tumbo limejaa.

Maji yalikuja Ijumaa. Oydin alikuwa ametoka tu shule, na mama yake bado yuko kiwandani. Mzee Kobil aliingia na viatu vyake virefu vya mpira, tope hadi magotini.

"Dada Hosiyat, u hai?"

"Nakungoja uende mbele, ukaniwekee nafasi."

"Basi utangoja sana," alisema, akashuka bustanini. Akageuza jembe lake, akasukuma mpini wake ardhini upande wa juu wa mti. Ukazama kama kisu kwenye siagi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapita mti, akasukuma tena.

Ngo!

Mzee Kobil akasimama. Akajaribu hatua mbili mbele. Ngo! Akayatazama yale matuta yaliyonyooka, kisha akamtazama Oydin.

"Hapa pamechimbwa?"

"Pamechimbwa, babu," Oydin alisema. "Ni baridi ya usiku imeukaza udongo."

"Baridi ya usiku." Mzee alisugua ndevu. "Ikaruka kule juu kote, ikaja kulala hapa chini peke yake?"

"Huenda... kuku pia wamepakanyaga."

"Mna kuku wangapi?"

"Watatu."

"Watatu! Wana uzito gani hao? Dada Hosiyat, hebu nionyeshe hao kuku, niwafunge jembe."

Nilitaka kucheka, lakini nilipouona uso wa mtoto, kicheko kikanikauka. Mzee Kobil alikuwa ameshatia jembe begani. Maji yalisikika kule nje kwenye mfereji, yanagonga kizuizi, na yeye alikuwa anaelekea kuyapeleka kwingine. Niliona shimo letu la karoti likiwa tupu, na Muhayyo majira ya baridi akimenya viazi, na viazi tena.

"Mzee Kobil," nikamwita. "Ngoja kidogo."

"Dada, unaijua kanuni. Nikikufungulia wewe leo, kesho wote watakwangua kwa reki." Lakini alisimama mlangoni, akamgeukia Oydin. "Sikiliza, binti. Naweza kubadilisha zamu. Naweza kuwapa wengine kwanza, kisha nirudi kwenu kabla ya giza. Ila lazima nijue mnahitaji muda gani. Nikimpa jirani mmoja na kumbe kazi yenu ni ya majirani wawili, nitakuta hamjamaliza, na hapo sifungui hata ukilia damu. Basi niambie. Hapajachimbwa kiasi gani?"

Oydin alitazama viatu vyake. Nilidhani atasema "kidogo tu." Mtu yeyote angesema kidogo tu.

"Kuanzia pale kwenye jiwe," alisema. "Mpaka ukutani. Yote. Nilichimba mistari michache, kisha nikakwangua. Na mama nimemwambia nimemaliza."

Mzee Kobil akapima kwa macho. "Basi ni majirani wawili. Nitaanza na kina Mahliyo, kisha nyumba inayofuata. Jua likigusa ile miti mirefu ya mipopla, nipo hapa. Nisipokuta mpini unazama, napita." Akatoka. Akarudisha kichwa. "Na wale kuku, muwasamehe. Wamesingiziwa."

Oydin alishika jembe. Vitambaa mikononi vilikuwa vimegandamana na damu kavu, na safari hii nilivitazama. Nilijikokota na kigoda changu mpaka katikati ya matuta yale ya uongo, nikakaa, nikachukua jembe dogo la kupalilia, nikawa navunja mabonge kwa kadiri mikono ilivyofika. Alichimba, akapumzika akiegemea mpini, akachimba.

Baadaye kidogo ukutani pakatokea kichwa.

"Nimesikia mlimaliza juzi," Mahliyo alisema.

"Nilikudanganya," Oydin alijibu bila kuinua uso. "Haya, cheka."

Mahliyo hakucheka. Alipotea, na nikajua kaenda kutangaza mtaa mzima. Kumbe alikwenda kuchukua jembe. Alipanda ukuta, akarukia upande wetu. "Maji yenu yako kwetu, yanakunywa chai," alisema. "Sogea. Unashika jembe kama unashika paka."

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea lango lilipolia. Oydin alitupa jembe, akamkimbilia mama yake kabla hajaingia vizuri. Niliwaona kwa mbali. Mtoto alisema maneno yake, mikono nyuma. Muhayyo alisikiliza akiwa amesimama na mkoba begani, na uso wake haukuonyesha hasira, haukuonyesha kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kitandani akaambiwa ageuke arudi njia yote. Akaweka mkoba chini. Akavua viatu vya kiwandani, akavaa vya bustani. Akavifungua vile vitambaa mikononi mwa Oydin, akatazama ndani kwa muda mrefu, akavifunga upya.

"Kavunje mabonge na bibi," alisema. "Nipe jembe."

Alichimba ukutani kuja huku, Mahliyo akichimba huku kwenda ukutani. Wakakutana. Matuta yalipigwa upya, yakatoka mabovu, yamepinda kama nyoka anayewaza. Muhayyo akamwaga mbegu za karoti, akazifunika kwa mgongo wa reki. Jua lilikuwa limekaa juu ya mipopla Mzee Kobil alipoingia. Alisukuma mpini chini ya mti. Ukazama. Akajaribu karibu na ukuta, ukazama. Akatoka kwenda kufungua.

Maji yaliingia polepole, ya rangi ya chai yenye maziwa, yakijaza kijifereji kimoja baada ya kingine kati ya matuta. Tulisimama tukisikiliza ardhi inavyokunywa, ile sauti ndogo ya chini kwa chini. Hakuna tone lililokwenda barabarani.

Tulikula tukiwa na udongo miguuni. Mchana, nikiwa bado na nguvu, nilikuwa nimeoka sambusa za majani mabichi ya kwanza, na Mahliyo alipewa tatu za kwenda nazo, akala mbili kabla ya kufika langoni. Oydin alikuwa anaizungusha ya kwake mkononi.

"Mama, umenikasirikia?"

Muhayyo alimimina chai. "Nimekukasirikia," alisema. "Si kwa kutochimba. Mikono ile isingechimba, hata mimi nisingechimba nayo. Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Wewe unarudi jioni umechoka zaidi. Niliona aibu."

"Kuchoka si kosa, Oydin. Ukiniambia kazi bado, tutaigawana. Nitachukua mstari mmoja, bibi atavunja bonge lake moja..."

"Mawili," nikasema.

"...mawili, na mwisho itakwisha. Lakini ukiniambia imekwisha, nani ataifanya? Inabaki pale pale, na hakuna anayeijua isipokuwa wewe, na wewe peke yako huiwezi. Umeona? Leo ulipomwambia Mzee Kobil ukweli wote, ndipo alipojua atupe saa ngapi. Ungepunguza hata mstari mmoja, tungekosa maji. Katika nyumba hii mtu akichoka aseme nimechoka, mkubwa kwa mdogo. Hakuna kuficha."

"Ndiyo, mama." Oydin hatimaye akauma sambusa yake. Akatafuna, akafikiri. "Na wewe? Umechoka?"

"Mimi?" Muhayyo alijinyoosha mgongo. "Mimi hata kidogo. Nikimaliza hii naosha vyombo, halafu nakanda unga wa mkate, halafu ile sketi yako ya shule nataka nii..."

Tulingoja aseme ataifanya nini ile sketi.

Sambusa ilikuwa mkononi, nusu imeumwa. Kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani, na pembeni mwa mdomo kipande cha jani kikipanda na kushuka kwa pumzi. Kisha mkoromo ukatoka, mzito kama sauti ya Mzee Kobil mwenyewe.

Oydin alinitazama kwa macho makubwa. Nikaitoa ile sambusa taratibu vidoleni mwa mkwe wangu, nikamvutia blanketi mabegani.

"Umesikia?" nikamnong'oneza. "Hajachoka hata kidogo."