Makofi Kutoka Kibanda cha Jilala

Wageni walikuwa wameshaondoka makofi yaliposikika. Tereza alikuwa uani anakunja ngozi ya ng'ombe, vumbi la magari ya Wazungu wa Mwadui halijatulia bado, akasikia mtu anapiga makofi ndani ya kibanda cha mizimu, taratibu, kama mzee aliyeridhika. Akachungulia. Kitupu! Akajisemea labda ni njiwa, maana moyo ukitaka kudanganywa haukosi sababu.

Mji ule ulikuwa wa marehemu Jilala, mfugaji aliyejulikana Shinyanga nzima. Mwaka wa hamsini na mbili bwana mmoja wa makumbusho aliomba uhifadhiwe vilevile, nyumba za msonge na zizi lake, na wenyewe waishi humo wakifanya kazi za kizamani, watu waje kutazama. Mzee Masele, mwana wa Jilala na baba mkwe wa Tereza, akakubali. Kusaga na kukamua, sawa, nani atakataa? Lakini wageni walipenda tambiko kuliko yote, na hapo, jamani, watu wazima wakacheza na moto. Anisia, binti wa Tereza, mtoto mwenye afya tele, kila Jumapili alilazwa kwenye ngozi ajifanye mahututi. Masele alinyunyiza unga kibandani akilia, "Baba Jilala, kitukuu wako anakufa, njoo!" Wageni wakapiga makofi. Anisia akainuka, akapewa peremende, akacheka.

Jumapili iliyofuata makofi yale ya kibandani, hakuinuka. Makofi ya wageni yalikwisha, ya kibandani yakaendelea. Tereza alimgusa mwanawe paji la uso, akarudisha mkono upesi, lilikuwa linaunguza.

"Baba," alinong'ona, "sasa mwombe kweli."

Masele aliomba kweli, unga ukimwagika miguuni, akamwita babaye mpaka sauti ikamkauka, na kila alipoita makofi yaliongezeka, si ya mtu mmoja tena bali ya umati, na harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikatoka kibandani ikajaa uani, na ng'ombe zizini wakasimama wote wameelekea huko bila kulia, na Anisia akatikisika kila kofi lilipolia.

Akaletwa Bujiku, mganga. Hakuingia hata uani.

"Huyo si baba yako, Masele," alisema kwa sauti ya chini. "Mlimwita kwa mchezo, akaona aibu, akaondoka. Huyu ni jini. Alikuwa anapita, akakuta nyumba inaita na haina mwenyewe."

"Mtoe basi, mzee wangu," Tereza alimsihi, amepiga magoti.

"Simwezi, mama Anisia. Angetaka mbuzi ningempa. Kila mara mnamwonyesha mtoto anakufa, halafu mnaukatiza mchezo. Anataka auone ukiisha."

Kulipopambazuka Tereza alimbeba mtoto mgongoni, hakumuaga mtu, akadandia lori la kwenda Mwadui, alikokuwa mumewe Thobias, mchimbaji wa almasi. Kabla hawajafika homa ilikuwa imeshuka. Anisia akaomba ugali, akala, akaomba tena! Thobias aliwakumbatia wote wawili pamoja, na Tereza akalia kwa furaha mpaka akaona haya. Alasiri ile akalala usingizi mzito.

Alipoamka, Anisia alikuwa ametandika kanga sakafuni, amelala chali, macho amefumba, kama alivyofundishwa. Thobias alikuwa amesimama mlangoni, haelewi kitu.

"Inuka, mwanangu," Tereza alisema. "Huko tumeshatoka."

"Siinuki, mama. Wameshakaa."

"Nani wamekaa?"

Mtoto alinyoosha kidole ukutani bila kufumbua macho. Tereza alimshika mabega amnyanyue, akavuta kwa nguvu zake zote, Thobias naye akaja kuvuta, mtoto asinyanyuke hata kidogo. Ngozi yake ilianza kuunguza tena.

"Mwambie baba aanze kulia," Anisia alisema. "Wanasubiri."