Mistari Minne Kona ya Chini

"Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Baba alimtupia kaka Tetsuro gazeti usoni. Kurasa zikatawanyika hadi kwenye mabakuli ya supu ya miso.

Jamani... kaka yangu hata bia hanywi!

Jana yake, basi la chekechea alilokuwa anaendesha liliteleza kwenye theluji likagonga ukingo wa daraja. Watoto wawili waliumia. Asubuhi gazeti likaandika: dereva alinuka pombe.

"Baba, nilipangusa viti kwa spiriti, harufu ndiyo hiyo! Polisi wamenipima damu. Tusubiri majibu."

"Gazeti limeshaandika."

"Mimi ni mwanao!"

"Mwanangu wa miaka arobaini. Gazeti hili nalisoma mwaka wa hamsini. Halijawahi kunidanganya."

Kaka akanigeukia. "Kinue, na wewe?"

Nikainama kuokota kurasa... Kurasa, jamani!

Akatuinamia kama wageni, akaondoka mjini kwetu Yamagata. Tukasikia yuko Shiogama, mji wa bandari, anapakia samaki sokoni.

Sasa baba yangu hasomi juujuu. Anaanza kichwa cha habari hadi matangazo ya misiba, chai inapoa pembeni. Kila lilipotajwa lile basi, alisukuma bakuli, hakula tena. Nikaona nimsaidie. Kila alfajiri nikawa nachomoa ukurasa wa habari za kwetu kabla hajaamka.

"Mbona ukurasa mmoja haupo?"

"Umelowa theluji, baba."

Wiki tatu! Nilikuwa nazitupa bila hata kuzisoma.

Mwezi wa nne simu ikaita. Kaka kaanguka kazini. Moyo. Hakuamka tena.

Msibani, mwenzake wa kazi, Bwana Hirose, akanivuta pembeni.

"Dada, mzee wenu ana roho ngumu! Hata baada ya gazeti kuomba radhi?"

"Radhi gani?"

"Hukuona? Mwezi wa pili, wiki mbili tu baada ya ajali, kona ya chini, mistari minne. Kwamba damu haikuwa na pombe. Tetsuro alifurahi huyo! Akatununulia wote tambi. Alijua mzee anaamini gazeti tu. Siku nzima simu mkononi. Nikamwambia, piga wewe. Akasema, 'Baba hasomi juujuu, ameshaona. Atanipigia mwenyewe.'"

"Halafu?"

"Baada ya wiki akaacha kuishika ile simu. Akasema, 'Kumbe hanitaki tu.'"

Ule ukurasa... niliuchomoa mimi! Kwa mikono hii hii!

Nilimwambia baba kesho yake baada ya mazishi. Hakunifokea. Bora angefoka.

"Mistari minne?" aliuliza.

"Minne, baba."

"Na ile habari ya kwanza ilikuwa mingapi?"

Ilijaza nusu ukurasa.

Siku hizi baba anakaa tu mezani asubuhi, miwani ya kusomea ikiwa mfukoni.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, siwaambii msiamini magazeti. Lakini kaka alikuwa mbele yetu, anatuangalia machoni, anatuomba tusubiri majibu ya damu tu. Tukashindwa!

Kama kuna mtu wako mmenuniana kwa sababu ya kitu ulichokisoma mahali, mpigie leo. Usingoje aanze yeye. Sisi tulikuwa watatu, na wote tulingoja.